Tonge la Mkono wa Padri

Jumapili ya mwisho kabla ya kupanda treni ya kwenda vitani, Élisabethville, mji wetu wa shaba, ilikuwa kama kawaida. Tulitoka misa, tukakaa uani kwa mama mdogo tukinywa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na wanawake wakaanza habari za batumbula. Mjini hapa kila mtu alizijua: watu wanaokamata binadamu na kuwapeleka kwa Wazungu. Kwanza wanakulisha kitu kwa mkono wao. Ukimeza, sauti inapotea, unanenepa kama nguruwe, mwishowe unaliwa. Mnaocheka, chekeni tu. Mimi niliamini, na nilikuwa mtu mzima mwenye bunduki ya serikali.

Mtoto wa mama mdogo, Kalenga, alijiandikisha jeshini pamoja nami. Tukapelekwa Abisinia kupigana na Waitaliano.

Nchi ile ya juu ilinitia shaka tangu mwanzo. Milima yake ilitapika moto zamani, ikaacha mawe meusi yenye matundu, kama mabaki tuliyoyamwaga nilipokuwa kibarua kwenye tanuri la shaba. Karibu kila kilima kilikuwa na kanisa, lakini la mviringo, na mapadri walifunga vilemba. Watu walivua viatu mlangoni na kubusu miimo. Nilimwambia Kalenga, "Aba si bakristo. Banaigiza tu."

Chakula chetu kilibaki nyuma, ng'ambo ya mto. Kalenga akaanza kuhara damu. Siku ya tatu bila kula alishindwa kutembea, na koplo akatuacha kwenye kanisa mojawapo. Alisema lori la wagonjwa lingepita barabara ya chini.

Padri wa pale akatoka na sinia la mkate mpana, mchachu, na mchuzi. Alikuwa mnene. Njaa yote ile, yeye nani alimnenepesha? Hakutugawia sahani. Alikunja tonge, akachovya, akalipeleka mdomoni mwa Kalenga huku akitabasamu.

Nikampiga mkono. Tonge likaanguka majanini.

"Yaya, acha," Kalenga akasema, akiniita kaka kwa lugha ya kwetu. "Niko na njala."

"Utapoteza sauti."

"Sauti ya kufanya nini?"

Padri akakunja la pili. Nikakoki bunduki.

Hakukimbia. Alilirudisha tonge kwenye sinia, akaingia kanisani.

Nikambeba Kalenga mgongoni, nikateremka naye. Barabara ilikuwa mbali kuliko tulivyoambiwa. Alikufa kabla hatujaiona. Sauti alikuwa nayo mpaka mwisho, aliitumia kuomba maji.

Wiki chache baadaye, Waitaliano wakiwa wamesalimu amri, mkalimani wetu, mwenyeji wa nchi ile, alinipeleka nyumbani kwao kula. Mama yake, kikongwe mwenye meno mawili, akakunja tonge na kumtia mwanawe mdomoni. Akakunja jingine, akanigeukia. Nikauliza hii ni nini. Mkalimani akacheka, akasema ndivyo wanavyomheshimu mgeni: mwenye nyumba humlisha kwa mkono wake, na kukataa ni kumtukana. Nikafungua mdomo. Nilitafuna huku nikilia, na yule mama akadhani ni pilipili.

Sitaki kujidanganya. Kuhara damu kuliwaua wengi waliokuwa wakila vizuri, na labda tonge lile lisingemwokoa. Lakini angekufa amelala chini ya paa, na kitu tumboni. Hilo nilimnyima mimi, si Mwitaliano yeyote.

Niliporudi, mama mdogo hakuniuliza habari za risasi. Aliuliza, "Kule hakukuwa hata muntu moja wa kumupa chakula?"

Nikamjibu, "Hapana, mama."

Basi akawalaani watu wa Abisinia kwa roho mbaya yao. Aliwalaani kila alipomkumbuka mwanawe, mpaka tulipomzika yeye mwenyewe, na mimi sikuwahi kumkatiza.