Barua ya Chicago Ilivyomwaga Maji Newala

Nilikwenda Newala kwa sababu ya barua. Rashidi, niliyemfundisha sekondari na ambaye sasa anasoma Chicago, aliituma kwa anwani yangu ya Masasi: "Mwalimu, mama amesikia redioni kwamba mauaji katika mji huu yanazidi kila mwaka. Anataka nirudi kabla ya kumaliza masomo. Tafadhali ukamsomee barua hii, mjomba akiwepo." Mimi nina digrii, kusoma barua niliona ni kazi ndogo.

Saa kumi na mbili asubuhi, Masasi. Nilipanda lori la mitumba. Tangu biashara iwe huria, redio zimeingia hadi vijijini, na habari mbaya za dunia nzima zimepanda nazo hadi Newala mlimani. Utingo alivaa fulana iliyoandikwa Chicago. Nikamuuliza kama anajua ni wapi.

"Si timu ya mpira hiyo, mzee?"

Nilijiona msomi mpaka Newala.

Saa tano, Newala. Mama Rashidi alikuwa anaingia uani na ndoo ya maji kichwani, aliyoipangia foleni tangu alfajiri.

"Shikamoo, Mama Rashidi."

"Marahaba, Mwalimu. Za Masasi?"

Nikajibu kwa sauti ya upole: "Nimekuja na habari za Rashidi. Lakini kwanza aitwe mjomba wake."

Ndoo ikaanguka. Mchanga ukanywa maji yote. Mama Rashidi akaketi chini akapiga yowe, majirani wakajaa. Huku kwetu, mgeni asiyesema neno mpaka mjomba aitwe amebeba msiba. Nilijua hilo, nimelala matanga mengi. Nikabaki kupunga barua kama mshika kibendera: "Mzima! Mzima! Ameandika mwenyewe!"

Mjomba alifika mbio, shati mkononi. Alipoelewa, akanitazama. "Chuo kikuu hawafundishi kuanza na 'mzima'?"

Nikasoma. Rashidi hakuficha kitu. Mwana wa jirani yake aliuawa kwa risasi mtaani. Askari wawili waligonga mlango wa jirani huyo, wakamwambia mama wa marehemu wakiwa wamesimama, wakaondoka. Rashidi alisikia kilio upande wa pili wa ukuta, akaenda kukaa naye mpaka ndugu zake walipofika kutoka mji mwingine.

"Kwa nini wanauana hivyo?" Mama Rashidi aliuliza.

Nikaeleza kuhusu ajira, dawa za kulevya na bunduki. Nilieleza vizuri sana, lakini hata mwenyewe sikuridhika.

"Walimwambia mama peke yake?" mjomba aliuliza. "Hakuna aliyeitwa?"

"Ndivyo alivyoandika."

Mama Rashidi akaiinua ndoo tupu. "Mwambie amalize masomo," akasema. "Asitembee ovyo. Na yule mama asimwache." Kisha akanigeukia. "Na ndoo yangu je?"

Saa tisa, bombani. Nilipanga foleni, mwanamume peke yangu kati ya wanawake ambao habari ilikuwa imeshawafikia.

"Mwalimu, leo umekuja kumwita mjomba wa nani?"

Kesho yake, Masasi. Nikaketi kumjibu Rashidi. Nilianza, "Napenda kukujulisha kwamba nilipofika kwa mama yako..." Nikaichana karatasi, nikachukua nyingine.

"Wazima wote. Sasa kaa, nikusimulie."