Borghildur na Pasi ya Mjukuu

Kazi ya dada yangu Borghildur ni kuwaamuru watu wavue nguo zote. Ni msimamizi wa chumba cha wanawake kwenye bwawa la kuogelea la mji wetu, na kila mgeni anayefika na aibu zake, amejifunga taulo mpaka kwapani, humkuta mlangoni. "Vua, oga kwa sabuni, ndipo uingie," huwaambia. "Hakuna anayekutazama, mama. Nimeona makalio mengi kuliko daktari." Mji mzima unampenda kwa hilo. Mimi pia nampenda; tulizaliwa wengi, tumebaki wawili. Lakini nitayasema haya kama yalivyo, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema kwamba binti yake, Hallveig, ndiye aliyemvunja moyo.

Borghildur aliingia kiwanda cha samaki akiwa bado msichana wa shule, na huko ndiko vidole vyake vilikojifunzia baridi. Aliolewa na Steinar, fundi wa injini za meli za uvuvi, mwanamume mwenye mdomo mtamu na mgongo mbovu. Mgongo huo ndio uliompeleka Hispania msimu mmoja wa baridi, maana daktari alisema jua litamsaidia. Jua lilimsaidia kweli. Lilimpa mgongo mpya na mke mpya, mwanamke wa kwetu hukuhuku kaskazini aliyekuwa akiwauzia wastaafu nyumba za pwani. Hallveig, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka minane.

Mwaka uliofuata Steinar alipiga simu. Njooni tuongee, alisema, nauli juu yangu, tiketi mtazikuta uwanja wa ndege. Dada akakata pasi mbili, akamshonea binti gauni la kiangazi, wakashinda ndani ya basi kutwa nzima kupita milima yenye theluji. Kwenye kaunta wakaambiwa hakuna tiketi yoyote yenye majina hayo. Akampigia Steinar, naye akasema mambo yamebadilika kidogo, atapiga mwenyewe baadaye. Hakupiga. Dada alimwambia mtoto kwamba ndege imeharibika, wakarudi na basi. Hallveig aliamini, na anaamini hata leo. Dada hakuwahi kumsema vibaya Steinar mbele ya binti yake, hata siku moja. Kwangu mimi alimsema kwa miaka yote hiyo, na nilisikiliza.

Basi mwaka jana, mwezi wa Januari, Hallveig akajifungua mtoto wa kike. Kwetu mtoto hazaliwi na jina. Baba na mama hulichagua, wakalifungia mdomoni, na hakuna mwingine anayelisikia mpaka siku ya ubatizo, mchungaji anapouliza mbele ya watu wote. Kabla ya hapo serikali inamwandika Msichana, binti wa baba yake, basi. Nyumbani anaitwa chochote. Huyu wetu tulimwita Kifurushi.

Habari ya Steinar tuliipata tukiwa kwenye dimbwi la maji moto, lile dogo la nje ambako watu hukaa mpaka shingoni na kuusema mji wote. Theluji ilikuwa ikianguka juu ya nywele zetu. Dada alikuwa amemaliza zamu, mimi niko pembeni yake, na mbele yetu Mzee Kjartan, nahodha mstaafu ambaye hana kwake siku hizi ila humo majini. Kifurushi alikuwa amelala ndani ya kigari chake karibu na ukuta, amefunikwa mablanketi, pua tu nje. Hallveig aliingia majini bila kumsalimu mtu, Kjartan akamuuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu bado," alisema. "Baba amepiga simu."

"Baba wa nani?" Borghildur akauliza.

"Wangu, mama. Ni mapafu. Daktari amemwambia asahau habari ya kupanda ndege. Anataka kumwona mtoto. Nauli atalipa yeye."

Dada alicheka mpaka maji yakapiga ukingo. "Steinar alipe nauli! Jamani, Kjartan, nishike nisizame."

"Nikushike wapi?" Kjartan akajibu. "Zamani nilijaribu, ukanipiga na samaki."

Tulicheka sote, na mimi nikiwemo. Hallveig hakucheka. Alisema nauli si tatizo, kwa sababu mtoto wa kupakata analipiwa kiasi kidogo tu. Tatizo ni pasi. Hata mtoto mchanga wa kupakatwa lazima awe na pasi yake mwenyewe, na ofisi haitoi pasi kwa mtu anayeitwa Msichana. "Kwa hiyo jina nalituma leo usiku kwa kompyuta. Kolbeinn amekubali, atatia saini kabla hawajarudi baharini." Kolbeinn ni mumewe, anafanya kazi kwenye meli ya uvuvi.

"Kwa kompyuta," dada akarudia. "Kama mtu anayeagiza pitsa."

"Basi mchungaji aje nyumbani kesho, ambatize kwenye bakuli. Watu wengi wanafanya."

"Bakuli la supu! Mimi nilibatizwa kanisa la chini ya mlima. Wewe ulibatizwa hapohapo, bibi yako hapohapo. Barabara ya huko itafunguka theluji ikiyeyuka. Tumeshasema Pentekoste, Kolbeinn atakuwa nchi kavu, na mimi ndiye nitakayempakata mtoto mbele ya mchungaji. Au hata hilo nimenyang'anywa?" Kisha akalegeza sauti, akamgeukia Kjartan kwa madaha. "Na mjukuu wa kwanza wa kike, kila mtu anajua jina lake linatoka upande gani. Linataka kanisa, si bakuli."

"Jina likitajwa kabla ya maji linachacha," Kjartan akaunga mkono. Anapenda kukaa upande wa mwenye sauti kubwa.

Nilimtazama dada yangu. Mtu akikupa sababu tatu kwa mpigo, ujue ya nne ndiyo yenyewe, na ya nne niliijua.

Siku ya pili Hallveig alikuja jikoni kwangu. Nilimwekea kahawa na samaki mkavu aliyepakwa siagi, akawa anamnyonyesha mtoto huku anakula. Nilimuuliza kwa nini asiende peke yake. Alisema mtoto anakataa chupa, ameshajaribu kila aina, anapiga kelele mpaka anageuka zambarau.

"Basi tuma hilo jina, mwanangu. Wewe ni mtu mzima. Mama yako atanuna, halafu atanunua keki."

"Siwezi, mama mdogo." Aliniangalia, macho yamejaa. "Naomba usimwambie mtu. Anaitwa Borghildur. Nataka mama alisikie kanisani, amempakata, watu wote wakiwepo. Amenilea peke yake. Hajawahi kupewa kitu chochote mbele ya watu. Nikilituma leo, kesho liko kwenye pasi, keshokutwa linasemwa bwawani. Nitakuwa nimempa kwa mkono wa kushoto."

Nilikaa kitako. Kumbe mtoto huyu alikuwa anamwacha baba yake angoje kwa ajili ya kumfurahisha mama yake, na mama yake alikuwa anamchelewesha kwa ajili ya kumkomoa baba. Na mimi nimeapishwa katikati, mdomo umefungwa.

Nilichoweza kufanya nilifanya. Nilimfuata dada nyumbani kwake, nikamkuta anafuma sweta, nikamwambia wazi: "Mruhusu huyo mtoto aende. Unajua unachofanya."

"Nafanya nini?"

"Unamlipa Steinar."

Sindano hazikusimama. "Mimi nilingoja kwenye kiti cha chuma na mtoto aliyevaa gauni la kiangazi kwenye baridi. Yeye anangoja kitandani, na mke pembeni. Amenishinda hata kwa kungoja."

"Basi mwambie Hallveig habari ya uwanja wa ndege. Aamue akiwa anajua."

"Nimwambie baba yake alimwacha pale kama mzigo uliosahauliwa?" Hapo sindano zilisimama. "Hilo sitamwambia mpaka nife. Na wewe ukimwambia, usinijue."

Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Alikuwa amemlinda binti yake dhidi ya ubaya wa Steinar kwa zaidi ya miaka ishirini, na ulinzi huohuo sasa ndio uliomfanya yeye aonekane mbaya. Nilikasirika, nikaenda zangu. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, hilo nalikubali. Lakini aliyekuwa analipa deni hapa si Steinar peke yake.

Siku ya Kwanza ya Kiangazi, sikukuu ya mwezi wa Aprili ambayo kwetu huwa na theluji kama kawaida, tulikula wote kwa Borghildur. Steinar akapiga simu ya picha. Hallveig akaegemeza simu kwenye jagi la maziwa, akamwinua Kifurushi aonekane. Sikuwa nimemwona Steinar tangu aondoke. Alikuwa amebaki macho na meno. Mpira wa oksijeni ulikuwa puani.

"Haya, nahodha," alimwambia mtoto. "Wewe ni nani?"

Mtoto akatoa povu. Steinar akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja kiishe.

"Hallveig," akasema, "ninong'oneze. Sitamwambia mtu. Nitamwambia nani mimi huku?"

Borghildur alikuwa kwenye kochi, ng'ambo ya chumba, ambako simu haikumwona. Alimtazama binti yake tu, na Hallveig akamtazama yeye. Nilikuwa nimeshika sahani ya samaki wa kupondwa na viazi, na nakumbuka niliomba kwa moyo wote, sema, mwanangu, lisemwe tu, watu wote tulisikie na yaishe.

"Baada ya Pentekoste, baba," Hallveig alisema. "Nikishapata pasi tunakuja. Nitakwambia nikiwa nimekaa hapo kwako."

"Pentekoste, basi," alisema Steinar. "Nitajikaza."

Hakufika. Alifariki mwezi wa Mei, juma lilelile barabara ya kanisani ilipofunguliwa. Mke wake alimpigia Hallveig asubuhi, Hallveig akampigia mama yake, akasema maneno mawili, akakata. Dada alikuja kwangu bila koti. Hakulia. Alisema, "Sikujua ingekuwa haraka hivyo," nikamjibu kwamba daktari alisema, Hallveig alisema, na Steinar mwenyewe alisema. Aliondoka bila kunywa kahawa.

Hallveig hakugombana na mama yake. Hilo ndilo lililonitisha. Alioka keki pamoja naye, akanyoosha gauni la ubatizo ambalo sote tumelivaa, akakubali kila kitu.

Kanisa la chini ya mlima halichukui watu wengi. Siku ya Pentekoste lilijaa, na Kjartan alikuja na tai. Borghildur alivaa vazi la asili la mama yetu, lenye vifungo vya fedha, akasimama mbele na mtoto mikononi. Alikuwa mzuri, lazima niseme. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeenda kupokea kitu na anajua ni nini. Kolbeinn alisimama kando, anatazama viatu vyake.

"Mtoto huyu anaitwa nani?" mchungaji akauliza.

Hallveig alisogea hatua moja, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kiti cha nyuma: "Steinunn."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba ni jina la Steinar kwa umbo la kike. Steinar alikuwa hana hata mwezi tangu afe. Mchungaji aliteka maji, akamimina mara tatu, na kila mara alilitaja jina hilo, huku dada yangu amempakata mwenye jina. Majuto ni mjukuu, watu husema. Yeye alikuwa nayo mikononi, yanalia. Mikono yake ilianza kushuka. Nilisogea nikaweka kiganja changu chini ya kichwa cha mtoto, nikakiacha hapo mpaka sala ilipoisha.

Kwenye kahawa ya baada ya ibada dada alimimina vikombe vya watu wote, akakata keki, akajibu "asante, ndiyo, ni jina zuri la kizamani" kwa kila aliyempongeza. Kwa hiyo wakasema Hallveig ana roho ngumu. Kumtia mama yake aibu siku kama ile, na baada ya yote aliyomfanyia!

Pasi ilitoka ndani ya siku chache. Siku chache tu, na tangu mwanzo zingetosha. Hallveig alipanda ndege na Steinunn mapajani kwenda kuzika majivu ya baba yake, nauli amelipa mwenyewe. Hakumwambia mama yake anarudi lini.

Siku ile walipoondoka, dada alikuja kwenye maji moto baada ya zamu. Kjartan alikuwepo, akamwona uso, akatoka bila mzaha wowote. Tulikaa wawili. Alijimwagia maji mabegani kwa viganja, tena na tena.

"Inga," alisema. "Alikuwa amechagua jina jingine kwanza. Si ndiyo? Wewe anakwambia mambo."

Ningeweza kusema sijui.

"Alikuwa amechagua lako, dada. Tangu siku mtoto alipozaliwa. Alikuwa anangoja ulisikie kanisani."

Alifunga macho. Mvuke ukampita usoni. Kisha hasira ikampanda, nikaiona ikija, na karibu nifurahi, maana hasira yake naijua.

"Nani aliyemtia maneno?" akauliza. "Mke wa Steinar? Kolbeinn? Nani aliyemfanya mwanangu abadilishe?"

"Wewe," nikamwambia.