Mistari Miwili, Jina Moja

Kazi yangu ni kutunza hifadhidata, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Mbona inakwenda polepole? Nimesahau neno la siri, nifanyeje? Nimefuta kitu, kinaweza kurudi? Hapa mtaani Pipeline, majirani wakishajua unashika kompyuta, hata pasi ikiungua utaletewa wewe. Kuuliza si ujinga, nakubali, lakini Jumamosi asubuhi nikiwa nimeloweka nguo, subira yangu huwa fupi.

Jumamosi moja aliyebisha hodi alikuwa binti wa ghorofa ya tatu, karani wa kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki tunayotibiwa sote hapo barabarani. Alikuwa amekumbatia laptopu.

"Dada, sasa? Niko na swali moja tu. Ya dakika mbili."

"Hakuna swali ya dakika mbili," nikamjibu. "Ingia."

Jedwali la wagonjwa lilikuwa limejaa watu waliosajiliwa mara mbili, na Jumatatu lilitakiwa kuhamishiwa kwenye mfumo mpya. Meneja alikuwa amemwambia alisafishe. Alishawapanga wote wenye majina matatu sawa, mwaka mmoja wa kuzaliwa na mtaa mmoja, na alichotaka ni amri ya kubakisha mstari mpya na kufuta ule wa zamani. Amri hiyo nimewaandikia watu wengi mno. Nikaanza kuiandika upesi ili nirudi kwenye karai langu.

"Umejuaje ni mtu mmoja?" nikamuuliza, kwa mazoea tu.

"Dada, majina matatu! Kwetu ya kwanza ni yako, ya pili ya baba, ya tatu ya babu. Zikifanana zote, na mwaka, huyo ni mtu mmoja tu."

Familia yake ni Waislamu waliotoka kaskazini, na kwa hesabu ya kwao alikuwa sahihi kabisa. Sisi watu wa Murang'a hesabu yetu ni nyingine. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Baba yangu na ndugu yake walipata mabinti mwaka mmoja, katika nyumba moja ya shirika la reli pale mtaa wa Makongeni, na kila mmoja akampa mtoto wake jina la nyanya, pamoja na lile lake la ubatizo, kisha jina la babu likafunga mwisho. Nyumbani tuliitwa Mkubwa na Mdogo ili anayechapwa awe ndiye aliyekosa.

Nikaacha kuandika. "Hebu nitafute mimi," nikamwambia.

Akaandika majina yangu, ikatokea mistari miwili. Mmoja ulikuwa wangu, na vidonda vyangu vya tumbo. Ule wa zamani, uliotiwa alama ya kufutwa, ulikuwa wa binamu yangu, ambaye naye anaishi hapa hapa Pipeline. Mwisho wake karani fulani wa zamani alikuwa ameandika: asipewe penisilini.

Niliogopa, sisemi uongo. Nilimwona binamu yangu tukiwa watoto, uso umevimba baada ya kudungwa sindano ya kutibu koo, na baba yake anavuka Jogoo Road mbio akiwa amembeba, analia kwa sauti. Tangu siku hiyo binamu humwambia kila daktari. Lakini mtu aliyezimia hasemi. Anasomewa mstari wake. Mstari huo ungefutwa, wangefungua wangu, na wangu haukuwa na onyo lolote.

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Na nilikuwa nifute leo, wallahi."

"Majuto ni mjukuu," nikamtania, "na hapa wajukuu ni wawili."

Hakucheka, nami nikaona haya kwa utani wangu. Nikamwekea chai.

Jibu lake likawa refu kuliko alivyotaka. Toa nakala ya akiba kwanza. Usifute mtu kwa sababu anafanana na mwingine. Jina si ufunguo wa kumtambulisha mtu. Kila mgonjwa apewe namba yake peke yake. Jumatatu wahamishwe wote kama walivyo, na meneja akiuliza, aambiwe mimi ndiye niliyekataza. Halafu wapigiwe simu, jozi baada ya jozi, waulizwe.

Tulianza na binamu yangu. Binti akaweka simu kwenye spika, akajitambulisha kwa sauti ya kazini, akataja majina yetu na kuuliza kama waliosajiliwa hapo ni mtu mmoja.

"Hapana, tuko wawili," binamu akasema. "Huyo mwingine ni dada yangu. Mimi ndio ile siwezi dungwa penisilini. Imeandikwa hapo?"

Binti akanitazama, kisha akautazama mstari.

"Imeandikwa."

"Haya, asante kwa kuuliza. Watu hunichanganya na yeye, mimi nacheka tu. Lakini hospitali huwa naogopa. Naona siku moja nitatibiwa kama yeye, nife."

Hakujua kwamba nasikia. Tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote, na hofu hiyo hakuwahi kunitajia.