Mama na Dawa Nyekundu

Katikati ya miaka ya tisini, Mama alipoanza kutibiwa saratani ya titi, mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kazi yangu kubwa ilikuwa kuota. Niliota saluni pale Kapkatet, yenye kioo kikubwa, na kichwa cha kwanza kusukwa kingekuwa cha Mama.

Siku ya dawa ya kwanza hospitalini, muuguzi alivaa glavu, akatuonyesha sindano nene yenye dawa nyekundu kama juisi. Alisema mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, tusiogope. Kichefuchefu kitakuja, nywele zitaanguka. Homa ikipanda, turudi mara moja.

"Lakini kubwa ni hii, Mama. Hii dawa mahali yake ni ndani ya mshipa tu. Ikitoka nje inachoma nyama. Ukisikia moto hapa, hata kidogo, sema."

"Nimesikia, sista." Kisha Mama akanigeukia, akaniambia kwa Kikipsigis, lugha yetu ya nyumbani, "Sasa hiyo saluni utaanza na kichwa gani?"

Nikacheka. Muuguzi akaanza kusukuma dawa polepole.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa."

Nikamtazama usoni. Uso ulikuwa umefungwa kama mlango. Niliujua uso huo. Aliuvaa siku uji wa moto ulipommwagikia mguuni. Wasichana wa rika lake walipotahiriwa, aliyekunja uso aliaibisha nyumba yao yote. Nilijua anaumia. Lakini kulisema hilo mbele ya wageni kungekuwa kumwita mwoga. Nikatazama dirisha.

Muuguzi ndiye aliyeona mkono umevimba. Akasimamisha, akavuta dawa iliyoweza kurudi kabla ya kutoa sindano, akamwita daktari, akaweka barafu.

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Haikuwa kali sana."

Ulikuwa mkono wa kulia. Baada ya wiki chache ngozi ikawa nyeusi, kisha ikafunguka. Vidole vilivyokuwa vikichuma chai tangu ujana wake vikakataa kukunjika. Daktari akasema dawa ingoje kidonda kikauke. Kidonda hakikuwa na haraka. Ule uvimbe wa titi ndio ulikuwa na haraka.

Nilichuma mimi, na jioni nikambadilishia bandeji. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Mama, siku ile niliona. Nikanyamaza."

"Nilijua umeona," akasema. "Nilifurahi hukuniaibisha."

Aliporudishwa kwenye dawa, walitumia mkono wa kushoto. Nilikaa karibu, nikashika kidole gumba cha mguu wake.

"Uko sawa, Mama?"

"Niko sawa."

Kidole kikakazana mkononi mwangu.

"Sista, simamisha," nikasema kwa sauti, chumba kizima kikageuka. "Inamuuma."

Ngozi ilikuwa imeanza kuinuka, kama punje ya mahindi tu. Walituambia tumewahi.

Mama alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Kitambaa kilikuwa kimemlegea kichwani, nikanyoosha mkono nimfungie. Akausukuma.