Dresa Niliyemtafutia Kosa

Yule dresa mzee, mfunga vidonda na mtunza dawa wa wodi ya wanawake, alinitia aibu siku yangu ya kwanza tu. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, nimerudi Pemba kujifunza kazi hospitalini, koti langu jeupe bado limekakamaa kwa wanga wa dobi. Nilishindwa kuupata mshipa wa mgonjwa. Akaninyang'anya sindano na kusema wodi nzima isikie: "Huyu daktari wa vitabu!" Wanawake wakacheka hadi wengine wakajifunika kanga. Nikaapa moyoni kwamba atanitambua.

Fursa ikaja mwezi wa Ramadhani. Bibi mmoja wa Wingwi aliletwa na malaria. Kila siku saa nne asubuhi mimi mwenyewe nilimtia vidonge mkononi, akanijibu, "Ahsante, mwanangu," nami nikapita kitanda cha pili. Siku tatu, homa haishuki. Kabati la dawa lilikuwa chini ya ulinzi wa dresa, ufunguo kauvaa shingoni. Hapo nikajua nimempata. Nikamwendea daktari mkuu, Mwingereza asiyependa mzaha, nikamwambia dresa anabadilisha dawa, zile nzuri anaziuza. Ushahidi sikuwa nao. Nilitaka tu kumwona akifukuzwa kazi, na uzee wake ule.

Daktari akamwita dresa mbele ya kitanda cha bibi. Mzee akauvua ufunguo shingoni na kumkabidhi, nami, nasema kweli, nikaona raha. Ndipo bibi akajiinua taratibu, akafungua pindo la kanga. Vidonge vyote vya siku tatu vilikuwamo.

"Mwanangu, mie nimefunga," akaniambia. "Nkaona haya kukukatalia mbele za watu. Nawe hukunambia kama magharibi vyafaa."

Dini inamruhusu mgonjwa kula, nami nilidhani kila mgonjwa huitumia ruhusa hiyo. Sikumuuliza. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga, midomo imenikauka!

Daktari akaniamuru nimwombe radhi mzee pale pale. Nikaomba huku nikitazama sakafu.

"Haidhuru, mwanangu," akasema dresa. "Jioni mpelekee bibi vidonge vyake, na tende."

Upole ule ulinichoma kuliko kile kicheko. Adhana ya magharibi ilipolia nikampa bibi vidonge na tende, na siku ya tatu homa ikashuka. Wodi nzima ikafurahi, dresa akifurahi kuliko wote. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumvizia tena, nimtafutie kosa jingine.