Mbuzi Aliyeramba Betri

Maji ya betri yana harufu kali yenye uchachu, inayokaa kooni hata ukishafika mbali. Nyuma ya ploti yetu ya nyumba za kupanga kule Kayole ilikuwepo kila siku, ikichanganyika na harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yakichemka, na ya maji ya sabuni mtaroni. Jirani yetu Baba Njeri alinunua betri kuukuu za magari, akazipasua kwa shoka na kutoa vibamba vya risasi, yale madini mazito ya kijivu, ili aviuze. Vipande vilivyovunjika vilibaki chini, na mvua ikavikandamiza udongoni.

Msimu ule wa mvua ndefu, shangazi yangu Nafula, aliyekaa kwetu na kushona nguo sokoni Gikomba, alikuwa atembelewe na wazazi wa mchumba wake kutoka Murang'a. Sisi ni watu wa Bungoma, na kwetu mgeni akipewa kuku ameheshimiwa kabisa. Lakini baba alijua kwamba kwa wakwe hao heshima ni mbuzi, na kwamba bila mbuzi huenda wakaondoka wakidhani binti yetu hatumthamini. Basi akanunua beberu mweupe mapema, akamfunga nyuma ya ploti ili anenepe. Ploti nzima ilimlisha maganda ya viazi na mabua ya sukuma. Kamba yake ilifika hadi penye vibamba, naye alipenda kuviramba. Sisi tulicheka tu, tukisema anatafuta chumvi.

Wageni walipokaribia, mbuzi aliacha kula. Alisaga meno bila kitu mdomoni, masikio yakimtetemeka, akazunguka pale pale alipofungwa. Kisha akaweka paji la uso kwenye ukuta wa mabati na kuusukuma, akabaki hivyo kwa muda mrefu. Nilipitisha mkono mbele ya jicho lake na hakupepesa. Wanawake wa ploti walisema kuna mtu anamwonea shangazi kijicho. Mimi nilishikwa na woga, nikaenda kusimama karibu na mama.

Kwa wazee wetu, mnyama akiumwa huwahiwa kwa kisu, kwa sababu akishajifia mwenyewe ni kibudu na haliwi. Baba alikuwa tayari ananoa kisu Baba Njeri alipotokea, amevua kofia.

"Baba Wafula, ngoja kwanza," alisema. "Huyu ameramba betri. Mbwa yangu ilienda hivi tu, ikianza na kugonga ukuta."

"Sasa nyama iko na shida?"

"Hapo sijui. Lakini mimi siwezi kula."

Baba alimtazama mbuzi, akatazama kisu. "Tukiichemsha sana itakuwa sawa. Wageni wanakuja kesho kutwa, nitatoa wapi mbuzi mwingine?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kushonea ikimning'inia shingoni. Yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza.

"Mimi sitapea watu kitu siwezi pea mtoto wa hii ploti," alisema. "Kama ni kukosa bwana, wacha nikose."

Baba alikasirika, akasema dada yake ana kiburi, lakini kisu alikirudisha jikoni. Mbuzi alikufa jioni hiyo akipiga teke hewani, akazikwa kando ya mto. Wageni walikula kuku. Mzee wao aliuliza mbuzi yuko wapi, na shangazi akamweleza mwenyewe bila kupamba. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba aongezewe mchuzi. Harusi ilifanyika, nami nikajivunia shangazi yangu kupita kiasi.

Siku hizi, kazi yangu ikiwa ni kufundisha sayansi, najua kwamba risasi haichagui kati ya ubongo wa mbuzi na wa mtoto, na kwamba hukaa udongoni miaka na miaka. Penye shoka la Baba Njeri sasa pana ghorofa, na shangazi anakaa chini kabisa na mjukuu wake. Nilipomtembelea juzi, mtoto alikuwa uani akichimba kwa kijiko. Nilimkumbusha shangazi kwamba hapo ndipo tulipokuwa tukicheza kalongo, vibamba vikiwa sahani zetu na udongo ule ukiwa ugali, na wengine wetu tuliuonja kweli. Siku ile watu wazima walibishana kuhusu nyama ya wageni hadi sauti zikapanda, nasi tulikuwa tumechuchumaa pale pale, mikono imejaa udongo, na hakuna aliyetutazama.

Shangazi alimnyanyua mtoto, akamfumbua ngumi, akaanza kumfuta kidole kimoja kimoja kwa leso yake.

"Na nyinyi," aliniuliza akiendelea kufuta, "tuliwapimisha hiyo risasi lini?"