Pua ya Mama na Unga wa Nyakasanza

Mama yangu alinusa kila kitu. Maziwa, samaki wa kukaushwa, shati langu nikitoka kucheza, hata mdomo wa baba akichelewa kurudi. Sisi watoto tulimtania kwamba siku akifika mbinguni atanusa kwanza mlango. Alicheka, halafu akanusa mikono yetu kuona kama tumenawa.

Hata wahubiri aliwanusa kwa namna yake. Wakati wa vita walipita wengi mtaani kwetu, Lumumba, kila mmoja na ndoto yake. Mmoja alituambia Mungu anaitaka redio yetu, tukiitoa risasi zitaikwepa nyumba. Mama alimpa chai na mhogo wa kuchemsha, akamsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, na redio ikabaki juu ya kabati. Akina mama wenzake wa kanisa wakamjia juu: anamhukumu mtumishi wa Mungu!

“Sikumuhukumu,” mama akasema. “Chai nilimupa. Redio njo sikumupa.”

Nililipenda jibu hilo, ingawa sikulielewa vizuri mpaka siku ya unga.

Jioni moja watoto wa jirani yetu walianza kutapika, wakashikwa na kizunguzungu, mdogo wao akashindwa hata kusimama. Kufikia asubuhi walikuwa na nafuu, lakini mama yao alikuwa amekwisha kupata mkosaji. Walikula fufu, ugali wetu wa muhogo, ya unga wa mwanamke mmoja mgeni aliyeuza soko la Nyakasanza, na mgeni huyo alikuwa wa kabila la upande mwingine wa vita. Ametumwa kutumaliza kwa sumu, jirani akasema. Miaka ile neno kama hilo halikuhitaji shahidi. Watu waliuawa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Jirani akashika njia ya soko, wanawake wengine nyuma yake. Mama akatupa kitenge begani akawafuata, nami nikamshika mkono. Tulipofika, vijana wenye mapanga walikuwa wameshasogea kusikiliza. Mgeni alikuwa amekaa nyuma ya beseni lake la unga, mtoto mgongoni.

Mama akachuchumaa. Akachota unga, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

“Hii bunga iko mubaya,” akasema, na soko zima likasikia.

Sijawahi kuichukia pua ile kama siku hiyo. Kwa nini asinyamaze? Kijana mmoja akapiga hatua mbele. Mama hakumtazama, alikuwa anamtazama mwenye unga.

“Mama, mihogo uliiacha mu maji siku ngapi?”

“Moja tu, mama. Kule mutoni balianza kupiga masasi. Nikaitoa, nikakimbia nayo.”

“Na weye unakula nini?”

“Hii hii.”

Mama akainama akanusa kitenge alichobebewa yule mtoto. Kilikuwa na matapishi yaliyokauka.

“Mutoto yake pia anatapika,” akawaambia wote. “Mihogo haikukaa sana mu maji, uchungu yake haikutoka. Njo ile tu inatapisha batoto.”

“Na kama anadanganya?” jirani akauliza. Alikuwa analia.

“Bunga nimeonja. Moyo yake sijaonja, na weye pia. Tumwage bunga.”

Akalibeba beseni mwenyewe, akaumwaga unga wote mtaroni, hakuacha hata kiganja kimoja. Mgeni naye akalia, maana ile ndiyo iliyokuwa mali yake yote. Vijana walisimama kidogo, kisha wakaondoka. Mama akamwinua yule mwanamke, akamleta kwetu.

Nyuma ya jiko tulikuwa na pipa la bluu. Likajazwa maji na mihogo aliyonunua mama, na basi, ua mzima ukanuka, nguo zetu za shule zikanuka, na maombi ya jioni nayo tukayaomba tumeziba pua. Tulilalamika sana. Mama, ambaye kwa pua ile ndiye angeteseka zaidi, alikaa karibu na pipa akipiga soga na mgeni, wakibonyeza mihogo kuona kama imelainika. Kabla ya kuanika alinusa kila kipande. “Hii bado,” alisema, na mwenzake akakirudisha majini bila kununa. Walipendana wale, nami niliona wivu kidogo.

Siku ya kurudi sokoni na unga mpya, mama alikaa naye kwenye kiti kimoja. Watu walipita, wakatazama beseni, wakaenda kununua kwingine. Mwisho akaja jirani yetu. Akasimama mbele ya unga, nami nikaogopa upya.

Mgeni akachota unga kidogo, akamnyooshea kiganja.

“Nusa kwanza, mama.”

Jirani akainama, akanusa pale pale kiganjani, akabaki ameinama vile kwa muda. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa na pua ilikuwa nyeupe kwa unga. Yule mwanamke akampangusa kwa ncha ya kitenge cha mwanawe, kisha akampimia.